Alama ya Vema, Ukurasa wa Kumi na Nne

11 Februari

Mdogo wangu Karani,

Sisi huku wazima, na hilo nalitanguliza ili ukae vizuri kitini kabla sijakuinua. Mama goti la kushoto limempumzisha, sasa analalamikia la kulia, na anasema heri lile la kwanza maana walishazoeana. Shemeji yako bado yuko kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa. Mteja ni mmoja kwa wiki, naye huja kupiga soga. Mimi nipo palepale, dobi ya hospitali, chumba cha chini, mashine tatu za kufulia na inayofanya kazi ni moja. Wagonjwa bado wanasahau vitabu chini ya mito, nami bado navisoma kabla ya kuvirudisha. Juzi nimemaliza kimoja cha historia ya vita, kurasa mia sita. Mwenyewe hakurudi kukidai, na sikuuliza wodini kwa nini.

Usiniulize mbona sikupiga simu. Kwenye simu unakubali kila kitu. Ndiyo Dada, sawa Dada, nitalishughulikia Dada, halafu mtandao unakatika na shughuli inakatika nao. Kwenye karatasi nakushika ukosi.

Habari ni ya Redio. Tangu tumzike mdogo wetu Novemba, huyu binti aliyetuachia si yule unayemjua. Wewe ndiye uliyembandika jina la Redio, kwa kuwa alikuwa anaanza kusema alfajiri na hakuna aliyejua swichi iko wapi. Sasa anajibu ndiyo, anajibu hapana, basi. Siku akienda shule, huinuka katikati ya kipindi, akatoka bila ruhusa, akakutwa kwenye stoo ya michezo amekaa juu ya nyavu. Siku nyingine haendi kabisa. Anavaa sare, anafunga kamba za viatu, anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka saa nne, halafu anavua. Wenzake wanamwambia betri zimeisha. Nilitaka kwenda kuwatandika, shemeji yako akanificha viatu.

Mwalimu wake wa darasa aliniita. Ni mwanamke mwenye sauti ya mafua ya kudumu, ana wanafunzi sabini na wawili, na hata hivyo alikuwa amemwona huyu mmoja. Alinipa kitabu chenye jalada la kijani: Mwongozo wa Huduma za Msaada kwa Wanafunzi wa Sekondari na Familia Zao. Nikageuza nyuma, nikaona kimekusanywa na kitengo chako.

Ukurasa wa tatu unasema mwanafunzi akikosa siku sitini ndani ya mwaka bila barua ya mshauri, jina linafutwa kwenye rejista. Redio amekosa kumi na nne. Ukurasa wa kumi na nne kuna jedwali la shule, na mbele ya shule yetu, chini ya maneno Mshauri wa Wanafunzi, kuna alama ya vema. Nikaenda kumtafuta huyo mshauri. Mlango una kibao kizuri. Ndani kuna madawati mabovu hadi darini na gunia la chokaa. Mlinzi akaniambia yupo pale mwaka wa nne na hajaona kiumbe akitoka mle isipokuwa paka.

Wewe ndiye mjomba. Niambie nibishe hodi wapi.

Dada yako, mikono ikinuka sabuni.


2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata ulipokuja na fimbo. Mpe Mama pole ya magoti yote mawili. Huku mke wangu hajambo, watoto wanne hawajambo, yule wa mwisho ameota meno mawili na ameshayatumia kumng'ata jirani. Kazi ni nyingi. Mkuu wa kitengo anastaafu mwishoni mwa mwaka, na kuna watu wanalitaja jina langu, ingawa mimi mwenyewe sijasema neno.

Habari za Redio zimeniumiza. Nimekaa nazo siku tatu. Lakini nataka uelewe kwamba msaada upo, na upo wa aina nyingi, ndiyo maana ya kile kitabu. Kwanza, kuna namba ya simu ya bure kwa familia, ukurasa wa saba. Pili, kuna kikundi cha wazazi, kila shule inatakiwa kuwa nacho, hukutana Alhamisi baada ya vipindi. Tatu, kuna mshauri wa mzunguko, yaani anayezunguka wilayani kutoka shule hadi shule, ofisi yake iko jirani na mahakama. Ukifuata hatua hizo kwa mpangilio, sioni kwa nini mtoto asirudi darasani kabla ya mitihani ya katikati ya mwaka.

Kile chumba huenda kinakarabatiwa.

Mwambie Redio mjomba anamsalimu na anataka kusikia matangazo yake.

Mdogo wako anayekuheshimu.


16 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Za Redio nilimpa, akasema ndiyo. Mama ameanza kutembea na fimbo na tayari ameshampiga nayo kuku wa watu. Shemeji yako ameuza saa ya ukutani iliyokaa kibandani miaka tisa. Aliyeinunua alitaka fremu tu.

Nimefuata hatua zako kwa mpangilio. Keti nikusimulie.

Namba ya bure niliipiga siku nne. Siku tatu ulipigwa muziki, na ulikuwa muziki mzuri, siwanyimi haki yao. Siku ya nne akapokea binti mwenye adabu. Nikamweleza yote, mazishi, stoo, nyavu, kitanda. Alisikiliza vizuri, akaniambia, "Mama, naomba usubiri nikutafutie." Nikasikia karatasi zinageuzwa. Kisha akaanza kunisomea. Mdogo wangu, alinisomea kitabu chako, ukurasa wa saba, hadi akafika kwenye namba ya simu ya bure akanishauri niipige. Aibu ilikuwa yake, lakini niliyeibeba ni mimi, maana nilijua ni mtoto wa watu na hakuna aliyempa kingine cha kusema.

Alhamisi nikaenda kwenye kikundi cha wazazi. Tulikuwa watatu darasani, mimi, fundi wa mabomba na mama mmoja muuza mitumba. Tukakaa nusu saa tukitazamana kwa heshima. Kumbe kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanzishe, akidhani ndiye mwenye kikundi. Fundi ana mwana anayekunywa, muuza mitumba ana binti aliyeacha kula. Tukasimuliana hayo, tukalia kidogo, tukarudisha viti. Kwa kweli hicho ndicho kitu pekee kilichonisaidia mwezi huu, na hakimo kitabuni mwako.

Mshauri wa mzunguko yupo kweli. Ni mwanamama mnene mwenye kofia ya pikipiki mezani, na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Nilipomtajia shule yetu alifunga daftari. Akasema, "Mama, shule yako ina mshauri. Kitabu kinasema yupo." Nikamwambia kitabu kinasema, chumba kina madawati. Akasema ananiamini. Ila ana shule thelathini na moja zisizo na alama, na amekatazwa kukanyaga zenye alama. Akija kwangu ataulizwa alikuwa anafuata nini kwenye shule iliyojitosheleza, na barua yake haitapokelewa. "Mwambie aliyeweka hiyo vema aitoe," akasema, "siku hiyohiyo mimi nawasha pikipiki."

Basi itoe. Kalamu iliyoiweka ni yenu. Sikuombi hisani, wala sikuombi unitumie kitu. Redio sasa amekosa siku thelathini.

Na nikuulize jambo moja, wewe uliyesoma kutuzidi. Nyie mmepata wapi ugonjwa huu wa kuhesabu milango bila kuisukuma? Mtu akizama mnamwandikia orodha ya maboya. Ningekuwa na uwezo ningewakusanya wote wa kitengo chako, niwapange foleni mbele ya kile chumba kila mmoja na mtoto wake mkononi, na nisiwaambie ndani kuna nini.

Dada yako.


20 Aprili

Dada yangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Nisamehe kuchelewa. Tulihamishwa ghorofa, majalada yakachanganyika, na barua yako ilikuwa ndani ya sanduku la ratiba za mitihani. Mtoto wa tatu ameshinda mashindano ya hesabu shuleni kwao. Nilitaka kukuandikia habari njema kwanza.

Nimeteuliwa kukaimu ukuu wa kitengo. Si rasmi bado. Naomba usimwambie Mama, atawatangazia jirani wote.

Kuhusu ile alama. Utaratibu ni kwamba anayeweza kuomba ifutwe ni mkuu wa shule mwenyewe, kwa barua yenye muhuri, naye aeleze mshauri aliyekuwepo ameondoka lini. Barua ikifika kabla ya Septemba, mabadiliko yataingia katika toleo la mwakani. Kufuta katikati ya mwaka hakujawahi kufanyika. Mtu angeuliza iliwekwaje, nani aliweka, kwa taarifa ya nani. Dada, kuna mambo wewe na mimi tunayafahamu ambayo si ya karatasi. Nakuomba tuyaache hapo.

Mtie moyo Redio. Wakati mwingine muda wenyewe ni dawa.

Mdogo wako.


28 Aprili

Karani,

Mama hajambo. Shemeji yako hajambo. Mimi sijambo. Salamu zimekwisha.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Ofisi yake ina kapeti na vikombe vya ushindi vya timu ambazo siku hizi hazina mpira. Nilimwomba aandike barua yenye muhuri. Alinisikiliza, akaninywesha chai, akasema kitu kimoja ambacho sitakiandika hapa. Niliondoka sijamjibu. Niulize mara ngapi maishani nimeondoka mahali bila kujibu.

Siku arobaini na nane. Nikueleze siku ya arobaini na nane inafananaje, kwa kuwa wewe una jedwali na mimi nina mtoto. Sipendi abaki nyumbani peke yake, kwa hiyo namchukua kazini. Anakaa upande wa kukunjia. Shuka la hospitali linataka watu wawili kulikunja, yeye analikunja peke yake, kona kwa kona, hata utadhani limepigwa pasi. Amekunja mia mbili kabla ya saa sita. Msimamizi wetu alipita akasema, huyu binti ana mikono ya dhahabu, kwani anasoma wapi? Nikaingia nyuma ya mashine nikajifanya nafunga bomba.

Unajua mdogo wetu alivyokuwa akisema. Alisema mimi nilisoma hadi la saba, dada zangu na kaka zangu walinisukuma wakachoka, lakini huyu wangu atasoma hadi walimu wachoke. Huyo Redio alikuwa anasahihisha matangazo ya hospitali ukutani kwa kalamu nyekundu. Alikuwa anabishana na shemeji yako kuhusu sayari akiwa na miaka kumi. Leo anakunja mashuka na watu wanamsifu.

Unaniambia muda ni dawa. Muda ni ule ule mnaouhesabu hadi sitini. Unaniambia halijawahi kufanyika. Kila uovu wa ofisini unalindwa na sentensi hiyo, na kila jema nalo linazuiwa nayo. Mmeandika kitabu kinachowatibu walioandika, maana baada ya kukiandika mnalala. Sisi tunakisoma tukiwa macho. Umesema unakaimu. Hongera. Kaimu basi, mtu mzima, mkono unao na kalamu unayo.

Mimi ni dada yako bado.


9 Mei

Dada,

Watoto wazima. Mke wangu anakusalimu na haelewi kwa nini sili.

Umeniandika kama mtu asiyehusika, nami nimevumilia kwa sababu wewe ni mkubwa. Sasa naomba univumilie. Alichokuambia mkuu wa shule nakijua bila kuambiwa. Alikuambia umuulize kaka yako ile alama iliwekwa kwa ombi la nani.

Ni ombi lako, Dada. Miaka miwili iliyopita, Redio alipomaliza la saba, alama zake zilitosha lakini nafasi zilikuwa zimejaa. Ulinipigia simu. Ulisema mkuu wa shule ana nafasi moja anaishikilia, na amesikia una ndugu anayetengeneza kitabu cha huduma, na shule yake inaonekana vibaya kwa kukosa mshauri, wakati baadhi ya wenzake wanao. Ulisema, na haya ni maneno yako, ni vema moja tu Karani, haimuui mtu. Mdogo wetu alikuwa pembeni yako, nilimsikia anacheka kwa furaha kabla sijakubali. Niliiweka jioni hiyo. Nilikuwa najivunia. Mjomba gani asingejivunia?

Na kitabu hakiandikwi upya kila mwaka, kinanakiliwa. Ikabaki.

Haikuishia hapo. Mkuu wa shule alimwambia mwenzake, mwenzake naye akaja. Zipo kumi na moja sasa, zote kwa kalamu yangu. Kila moja ilikuwa na mtoto wa mtu aliyetaka nafasi. Sikuwahi kuchukua kitu, naapa, hata soda. Nilidhani nasaidia. Usiku na mchana najiuliza kwenye hizo kumi na moja kuna akina Redio wangapi wamekaa juu ya nyavu.

Ndiyo maana nilichelewesha. Si majalada. Nikiitoa moja wataziona zote.

Jumatatu nakwenda kwa mkurugenzi nikiwa na orodha mkononi. Nitamwambia yaliyotokea, isipokuwa jina lako. Niombee.


23 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako imefika tarehe 21. Siku ya sitini ilikuwa tarehe 16.

Ndiyo. Niliomba mimi. Nilipofungua ukurasa wa kumi na nne mwezi wa pili niliijua ile vema kama mtu anavyolijua kovu lake, na nikakuandikia kana kwamba naiona mara ya kwanza. Miezi mitatu nimekutukana wewe ili nisisikie sauti yangu mwenyewe kwenye simu ile. Mkuu wa shule aliniambia, "Mama, mimi na wewe tusifukue, maana tulichimba pamoja." Hiyo ndiyo sentensi niliyokataa kuiandika.

Nimesoma vitabu vingi vya watu waliovunja mambo makubwa, na wote walikuwa na jeshi. Mimi nilikuwa na simu ya mkopo na mapenzi ya mtoto. Nilimnunulia Redio mlango wa kuingilia kwa kuuziba mlango wa msaada, na sikumwambia kwamba ipo siku ataugonga.

Jina lake limebandikwa ubaoni, karibu na choo cha walimu, pamoja na mengine manane. Karatasi ilikuwa na pini moja tu juu, upepo ukipiga inainuka. Tulikwenda wote wawili kwa sababu hakukubali niende peke yangu. Alisoma. Akanyoosha karatasi kwa kiganja, kona kwa kona, tukarudi nyumbani.

Yule mshauri wa mzunguko alikuja Jumamosi, siku yake ya mapumziko, bila kofia ya kazi wala daftari. Alikaa na Redio uani kwa saa mbili. Sikusikia neno, niliona migongo tu. Alipoondoka aliniambia mtoto huyu hajaharibika, anahitaji mtu wa kukaa naye hivi mara moja kwa wiki kwa miezi sita, na angeweza kurudi darasani. Nikamwomba barua. Akaandika, kwa mkono wake, kurasa mbili. Shuleni waliirudisha. Haina muhuri, na shule haimo kwenye mzunguko wake.

Kama umeshakwenda kwa mkurugenzi, umekwenda. Kama hujaenda, nenda kwa ajili ya wale wengine. Na jina langu litaje. Sitaki unisitiri.


19 Juni

Dada yangu,

Mama anakohoa, nimesikia kwa shemeji. Mpe maji ya moto na umkataze kulala dirishani.

Nilikwenda. Mkurugenzi hakupiga meza kama nilivyotarajia. Aliisoma orodha yote, akauliza nani mwingine anaijua. Nilimtaja kila mtu, nawe pia, kama ulivyotaka. Hakuandika jina lako. Alisema kuzifuta alama kumi na moja katikati ya mwaka kutazua maswali magazetini, kwa hiyo njia ya busara ni kuzifanya ziwe kweli. Dada, wamepata washauri. Vijana waliohitimu, waliokuwa wanasubiri ajira. Kumi na mmoja. Wa kwenu anaripoti tarehe mosi Julai, na chumba kimeagizwa kisafishwe.

Kwa hiyo kitabu sasa hakisemi uongo. Kimekuwa sahihi bila kubadilishwa hata nukta.

Mimi nimehamishiwa masjala. Ni chumba kimoja, dirisha moja, mzee mmoja anayenifundisha kupanga majalada kwa rangi. Wa kukaimu ni mwingine. Mke wangu bado hajui amwambieje baba yake. Sisikitiki. Uongo, nasikitika kidogo.

Mpeleke Redio siku hiyohiyo ya kwanza. Sharti la siku sitini liko, lakini huyo kijana ni mpya, labda hatalijua. Muwahi.


4 Julai

Karani, mdogo wangu,

Mama kikohozi kimepungua. Shemeji yako amefunga kibanda, anasema saa zote za mji huu sasa zimo ndani ya simu. Nimepata barua yako na nimeisoma mara mbili, na mahali pa masjala nilisoma mara tatu. Umefanya kilichokupasa. Nakuambia mara moja tu, kwa hiyo ukate kipande hiki ukiweke.

Tulikwenda tarehe mosi, saa mbili kasoro. Redio alivaa sare. Sikumwomba. Chumba kimepakwa rangi, madawati yametoka, kuna viti viwili vinavyotazamana na kisanduku cha karatasi za kufutia machozi, bado hakijafunguliwa. Kijana mwenyewe ana uso mwema. Alisimama tulipoingia, akampa Redio mkono kama mtu mzima, akamkaribisha akae. Redio akakaa. Nakuapia alikaa kitini na mabega yakashuka, na nikaona mdomo unajiandaa.

Kijana akafungua rejista ili aandike jina. Akatafuta kidato cha tatu, mstari kwa mstari, kwa kidole. Akarudia. Uso ukambadilika kabla ya kusema. Akasema, "Samahani sana, Mama. Nimeagizwa nihudumie walioandikishwa tu. Hapa hayupo." Nikamtolea zile kurasa mbili za mshauri wa mzunguko. Akazisoma zote, machozi yakamlengalenga, akasema atauliza juu, nikaona hata yeye hajui juu ni wapi. Nje walikuwa wamekwishapanga foleni watoto watano. Nilimwona binti wa muuza mitumba, yule asiyekula. Yumo kwenye rejista.

Ungetarajia nipige kelele. Maneno nilikuwa nayo, unanijua, yalikuwa yamejaa mdomoni. Lakini nilitazama ile foleni, nikaona kila dakika ninayobishana ni ya mmoja wao. Nikamshika Redio mkono tukatoka, na binti wa muuza mitumba akaingia, mlango ukafungwa taratibu.

Tulipita getini. Msimamizi wa dobi alishaniambia wiki mbili nyuma kwamba kuna nafasi ya kibarua upande wa kukunjia, na kwamba anamtaka yule mwenye mikono ya dhahabu. Nilikuwa sijamjibu. Sikuwa nimemwambia Redio wala mtu yeyote, lakini nadhani alisikia, chumba cha dobi hakina siri. Tulikuwa tumeshavuka barabara aliposimama, akavua tai ya shule, akaikunja mara nne, akaniuliza, "Mama mkubwa, kazini tunaingia saa ngapi?"

Ndiyo sentensi nzima ya kwanza tangu Novemba. Nilikuwa nimeisubiri miezi minane, Karani. Nikamwambia saa kumi na mbili na nusu.

Dada yako.